Nyeupe Kumi na Tisa

Mtaa mzima ulimwita Funguo, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Kiunoni alining'iniza funguo ishirini na saba za Jumba la Wamasoni, wale Frimasoni, na alipotembea ungedhani mbuzi mwenye kengele anapita. Kazi aliirithi kwa baba mkwe wake, pamoja na vyumba viwili vya uani, alimooa, alimolea wanawe na alimotaka kuzeekea. Yeye mwenyewe hakuwa Mmasoni. Alikuwa mwangalizi tu, mtu wa fagio, bomba na paa.

Lakini historia ya jumba lile aliijua kuliko wenye jumba. Lilijengwa na wanaume saba miaka themanini na ushei iliyopita: mpima ardhi, mchapishaji, mwuza ngozi, daktari wa meno, na wengine ambao picha zao ukutani zimefifia mpaka yamebaki masharubu tu. Wakati wa vita liligeuzwa wodi ya majeruhi. Baada ya vita likawa ghala, na hadi leo mvua ikinyesha chumba cha nyuma kinanukia mahindi. Siku hizi ukumbi wa chini ulikodishwa: Jumanne kwaya, Alhamisi mitihani ya wahasibu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi harusi. Chumba cha juu, chenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, hakikukodishwa kwa yeyote. Kile kilikuwa cha loji, yaani chama chenyewe cha Wamasoni.

Mtaani walisema mengi. Mwuza magazeti wa kona hakuchoka.

"Funguo, leo tuambie kweli. Yule mbuzi mweusi mnamfuga chumba gani?"

"Cha pili kushoto. Ukitaka kumwona njoo na ndoo, maana dari linavuja."

"Na utajiri je?"

"Huo ndio naungoja. Ukifika nitakulipa gazeti la juzi."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Wangejua kilichomo ndani ya jumba lile kinachomnyima yeye usingizi, wangesahau habari za mbuzi.

Mambo yalianza kuchemka siku alipokuja mkaguzi wa manispaa. Alifungua kisanduku cha swichi, akanusa, akakifunga polepole kama mtu aliyefunua sufuria ya juzi. "Siku kumi na nne," alisema. "Waya zote zibadilishwe, au nalifunga jumba."

Kamati ya jumba ilikaa kesho yake, Funguo akimimina chai. Mafundi wawili walioitwa walisema neno moja: bila kujua waya zilipita wapi, itabidi dari livunjwe na vigae vya juu ving'olewe, na kiwanda cha vigae vile kilikufa zamani. Mtu mmoja tu alizijua njia za waya zile, kwa kuwa ndiye aliyezipitisha kwa mikono yake, miezi sita, bure, wakati alipokuwa akiomba kuingia katika loji.

Katibu wa loji, mwalimu mkuu mstaafu aliyefunga miwani kwa kamba shingoni, alimgeukia Funguo.

"Si shemeji yako yule?"

"Ni kaka wa mke wangu, Mwalimu."

"Basi kamwombe."

Shemeji huyo, Fundi Waya, hakuwa amekanyaga jumba lile kwa miaka kumi na moja, na kila mtu alijua sababu. Loji ilimkataa. Desturi yao ya kupokea mtu mpya ilikuwa ya gololi. Kulikuwa na sanduku la mbao lenye sinia ya gololi nyeupe na nyeusi. Kila mwanachama alitia mkono ndani, akachagua moja bila kuonekana, akaitumbukiza tunduni, nayo ikateremka kwenye mfereji mpaka droo ya chini. Mwisho droo ilivutwa. Zikiwa nyeupe tupu, mtu ameingia. Ikionekana nyeusi moja, hata moja tu, amekataliwa. Nyeupe hazikuhesabiwa. Na nyeusi haikuulizwa: nani kaiweka, kwa nini kaiweka, mwiko. Jumba lilikuwa limesimama miaka themanini juu ya kutokuuliza huko.

Siku ya Fundi Waya, droo ilitoka na nyeusi moja.

Hayo ndiyo yaliyojulikana na wote. Yafuatayo aliyajua mmoja.

Asubuhi ya siku ile Funguo alikuwa akilitengeneza sanduku. Wanachama walilalamika kwamba gololi zinagonga mbao na wenye masikio makali wanatambua kwa mlio nani katumbukiza rangi gani; kwa hiyo akabandika kitambaa kizito ndani ya mfereji. Nyeusi zilikuwa zimechunika, akazipaka rangi upya, nazo zikanenepa kidogo. Akataka kuhakikisha kama zitapita. Akatumbukiza moja. Akatega sikio. Kimya. Akatabasamu, maana kimya ndicho alichokuwa akikitafuta. Kabla hajavuta droo, mkewe akapiga ukelele uani: tangi la maji limefurika, maji yanaingia ukumbini kulikopangwa viti. Funguo akatimua mbio. Alipomaliza kukausha, wenye loji walikuwa wanapanda ngazi, na sanduku limekwisha kuchukuliwa.

Kitambaa kilikuwa na kunjo. Nyeusi ile ililala kwenye kunjo kama mtoto mgongoni. Mkuu wa loji alivuta droo kuonyesha kwamba ni tupu, na kweli ilikuwa tupu. Kisha nyeupe zikaanza kushuka, moja ikisukuma nyingine, mpaka zikamwamsha mgeni wao, wakateremka pamoja.

Jioni ile ile, jua halijazama, Funguo alipokuwa akirudisha gololi kwenye sinia, alizihesabu. Nyeupe kumi na tisa. Nyeusi moja. Vikombe vya chai alivyokuwa ameviosha punde vilikuwa kumi na tisa, kimoja kwa kila mpiga kura.

Alikaa kwenye ngazi na lile sanduku mapajani. Alijiambia, nitasema Jumatatu. Jumatatu akakumbuka kwamba mwezi uliotangulia alionywa kwa kuacha bomba wazi, na onyo la pili ni kuhama. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Akajiambia, nitasema akishajifungua. Mtoto akazaliwa, akaota meno, akaanza shule. Akang'oa kile kitambaa, akakichoma. Dhambi ikikosa mlango wa kutokea huhamia ndani na kutandika kitanda.

Naye Fundi Waya alikuwa ameshampata mchawi wake. Katika loji alikuwamo Mfamasia, mwenye duka la dawa karibu na posta. Miezi michache kabla, Fundi Waya alimtengenezea jokofu la duka, likazimika, chanjo zikaharibika, wakatupiana maneno makali mbele ya wateja. Nani tena, kama si yeye? Tangu hapo salamu ilikufa. Mke wa Mfamasia alipofariki, Fundi Waya alikaa karakanani kwake akipiga nyundo siku nzima ili mtaa usikie kwamba hakwenda kuzika. Na mke wa Funguo, kwa uchungu wa kaka yake, akiugua mtoto alivuka mji mzima kununua dawa kwingine. Funguo aliwatazama wote, akanyamaza, akala, akalala ubavu kwa ubavu na uongo wake.

Basi alikwenda karakanani kuomba. Fundi Waya alikuwa ameinama juu ya mota, bisibisi mdomoni.

"Shemeji," alianza Funguo.

"Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Waambie nimekufa."

"Watakuja kuzika. Watu wale wanapenda mazishi."

Fundi Waya alicheka bila kutaka, bisibisi ikamwanguka. Kisha uso ukarudi kuwa jiwe. "Sikiliza, shemeji. Wewe sina ugomvi nawe, wewe ni fagio lao tu. Nitafanya kazi, na sitaki shukrani. Ila aliyetia nyeusi aje hapa, kwa miguu yake, aniambie usoni: ni mimi. Basi. Sitamgusa hata ukucha."

Neno lilimfika Funguo kooni. Lilifika kweli, akalionja chumvi yake. Kisha akaviona vile vyumba viwili vya uani, pazia la mkewe, madaftari ya watoto juu ya kabati. Akasema, "Nitawaambia."

Kamatini, Katibu alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Hatuulizi. Tukiuliza leo, kesho hakuna atakayepiga kura kwa uhuru."

Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, na Funguo akaona jinsi gololi yake ilivyokuwa bado inateremka, miaka yote hiyo, baina ya watu hawa. Ndipo Mfamasia akainuka. Alikuwa amekonda tangu ujane ulipomwingia, koti likimpwaya mabegani.

"Ni mimi," alisema. "Nipelekeni."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo lilimchoma Funguo kuliko maneno yenyewe.

Wakaenda wawili, yeye na Funguo, kwa kuwa Mfamasia aliomba wa kumshika mkono njiani. Mbele ya karakana yule mzee alivua kofia.

"Nimekuja. Ile nyeusi niliitia mimi. Nisamehe."

Fundi Waya alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila haraka. "Kwa sababu ya jokofu?"

"Kwa sababu ya jokofu."

"Miezi sita nilitambaa darini kwenu kama panya! Nilikuwa nakusalimia, unaniitikia 'ndugu mtarajiwa'. Ulimi wako una vyumba vingapi, mzee? Nilishona suti, unajua? Nilishona suti!" Sauti ilipanda mpaka fundi viatu wa jirani akasimamisha nyundo. "Nenda. Kesho nitaanza kazi yenu. Na mtaa wote utajua wewe ni mtu wa namna gani."

Mfamasia alivaa kofia yake. Funguo alikuwa amesimama hatua moja nyuma, na funguo zote ishirini na saba zilikuwa kimya.

Walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa posta, mzee alipumzika. "Sikuitia," alisema.

"Najua," ulimi ukamteleza Funguo.

"Unajuaje?"

Ilikuwa kama dirisha limefunguliwa, na hewa ikiingia. Funguo alilifunga. "Nakujua wewe, mzee wangu. Huna moyo huo."

Mfamasia alitabasamu. "Mke wangu alikuwa akipenda lile jumba. Harusi yetu tulifanyia pale chini. Sitaki wavunje dari lile. Aliyeitia huenda amekwisha kufa, masikini. Nami nilikwisha kumsamehe."

Kuna msamaha unaoponya na kuna msamaha unaochinja. Funguo alimfikisha mzee dukani, akarudi jumbani kufagia.

Fundi Waya alikuwa mtu wa ahadi. Kesho yake alikuja na ngazi, waya mpya na daftari lenye ramani zote, mistari imechorwa kwa penseli, na akafanya kazi kama mtu anayelipiza kisasi kwa wema. Hakuvunja hata kigae kimoja. Lakini ahadi yake ya pili aliitimiza vilevile. Sokoni, kinyozini, kwenye foleni ya maji, alisimulia. Siku ya tatu mwuza magazeti alimwambia Funguo, "Kumbe mbuzi wenu mweusi anauza dawa." Siku ya nne Funguo alipita dukani akamkuta Mfamasia peke yake nyuma ya kaunta, akifuta chupa zisizo na vumbi. Mlangoni mama mmoja alisita na karatasi ya daktari mkononi, akasoma kibao cha duka, akageuka akaenda zake. Mzee aliona. Aliendelea kufuta.

Funguo alirudi jumbani akipanda ngazi mbili mbili. Ilikuwa saa tisa mchana. Fundi Waya alikuwa juu ya ngazi katika chumba cha loji, kichwa ndani ya dari.

"Shemeji, shuka."

"Nipe koleo."

"Shuka kwanza."

"Kuna nini? Yule mzee mnafiki kaja kuomba tena msamaha?"

"Hakuitia yeye. Nyeusi ile niliitia mimi."

Kichwa kilitoka darini kikiwa na utando wa buibui. "Wewe hupigi kura."

"Sikupiga kura." Na Funguo akaeleza: kitambaa, rangi, kunjo, kimya, tangi. Alieleza akitazama vigae, cheusi, cheupe, cheusi. Akamalizia kwa hesabu ya vikombe.

Fundi Waya alishuka, kila kidato polepole. Funguo alingoja ngumi, aliitamani. Haikuja.

"Zilikuwa ngapi nyeupe?"

"Kumi na tisa."

"Yule wakili aliyekuwa akiniita mvuta kamba?"

"Nyeupe."

"Mwenye duka la vitambaa? Yule hakuwahi hata kunijibu salamu."

"Nyeupe, shemeji. Wote nyeupe."

"Na yeye."

"Na yeye."

Fundi Waya aliketi sakafuni, mgongo ukutani, chini ya masharubu ya waasisi. Miaka kumi na moja alikuwa amejijengea nyumba ya hasira, tofali juu ya tofali, akaishi humo kwa fahari. Sasa alikuwa anaambiwa kiwanja si chake. Hakuna aliyemkataa. Walikuwa wamemtaka, kila mmoja wao, na siku ile ile.

"Nilipiga nyundo," alisema hatimaye. "Siku ya maziko ya mke wake. Alfajiri mpaka jioni."

"Nilisikia."

"Ulisikia." Alimtazama Funguo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Dada yangu anajua?"

"Hajui."

"Unalala na mtu miaka yote hiyo..." Hakumaliza. Alisimama, akajipangusa utando kichwani. Funguo naye akasogea mlangoni.

"Wapi wewe?"

"Nikusindikize kwa mzee. Nimwambie mwenyewe kwamba—"

"Ukinifuata utanipunguzia aibu, na aibu hii naitaka yote. Yako tafuta pa kuibebea."

Funguo alimwambia mkewe kwanza, jikoni, akiwa amesimama, kwa kuwa aliona haya kukaa kwenye kiti cha nyumba ile. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

"Mwaka ule mtoto alipopata degedege," alisema, "nilipita mbele ya duka lile nimembeba. Mzee alitoka akaniita. Nikamtemea mate chini, nikakimbia mpaka ng'ambo ya pili." Aligeuka. "Ulikuwepo jioni ile. Nilikusimulia. Ulisema nini?"

Funguo hakukumbuka.

"Ulisema, 'pole.'" Akarudi kwenye vyombo. "Nenda kwa Mwalimu. Usipokwenda leo, nitakwenda mimi."

Katibu alimpokea barazani kwake. Alipokwisha kusikia alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Kazi ya waya imekaribia kwisha," alisema kwa upole. "Mkaguzi anakuja Jumatatu. Una watoto. Sisi, wajua, hatuulizi."

Pale ndipo Funguo alipouona mlango ambao kwa miaka yote angeutaka: mpana, wazi, hauhitaji ufunguo.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Nimesema. Jumamosi loji inapokutana wasomee wote haya niliyokwambia, au nitasimama kwenye ngazi niwaambie wanavyopanda, mmoja mmoja."

Katibu alivaa miwani tena. "Watakutoa."

"Wana haki."

"Sikusema hawana."

Ijumaa asubuhi Fundi Waya alirudi kazini, kwa kuwa kazi haikuwa imekwisha. Macho yalikuwa mekundu. Alipita mbele ya Funguo bila neno, akapanda, akaanza kuvuta waya. Karibu na adhuhuri ndipo alipozungumza, kichwa kikiwa darini, kama anayeliambia dari.

"Nilimtukana mbele ya watu, nikasema nitapiga magoti mbele ya watu. Hakunikubalia. Alinipa kiti. Akanimiminia maji. Akaniuliza habari za watoto." Akavuta waya. "Kiti kile, afadhali angenipiga nacho."

Funguo aliishikilia ngazi.

"Na wewe amekuombea. Anasema usifukuzwe. Mimi sikuomba." Mkono ulitoka darini, umefunguka, ukingoja. "Koleo, mwangalizi."

Miaka ishirini alikuwa akimwita shemeji. Funguo alichukua koleo, akapanda vidato viwili, akaliweka kwenye mkono ule. Chini uani, dirishani, alimwona mkewe akikunja nguo za watoto na kuzipanga katika sanduku la bati. Asubuhi Funguo alikuwa amemwuliza kama ana hakika watatolewa. "Sina hakika," alimjibu. "Wakisema tubaki, nitazikunjua. Lakini Jumamosi hawatanikuta nimekaa kama mwenye nyumba."